Mteja Yuko Mbali, Simu Iko Mkononi: Vikundi Vyetu vya Kasulu na Kibondo Vitangaze Vipi Bidhaa?

Katika vikao vya Kamati za Maendeleo za Sharika vya robo hii ya mwaka, swali moja limejirudia kila nilipofika: "Mratibu, lini na sisi tutatengenezewa tovuti?" Maandiko matatu ya miradi yaliyoletwa mezani kwangu yanaomba jambo hilo hilo kwa maneno tofauti. Moja linaomba kompyuta na tovuti, jingine linaomba fedha za kumlipa kijana wa mjini "atutangaze mtandaoni", na la tatu linaomba simujanja tano za viongozi wa kikundi.

Ndugu wasomaji, kabla sijawajibu wenzetu hao ni vizuri niseme ukweli. Miaka kadhaa iliyopita ofisi yetu iliwahi kulipia tovuti kwa ajili ya kikundi kimoja cha wafuga nyuki katika Wilaya ya Kibondo. Mimi ndiye niliyeidhinisha. Ilikuwa tovuti nzuri yenye picha za mizinga na akina mama waliovaa vitenge vya kufanana, na tulipiga picha ya uzinduzi. Katika muda wote iliokaa hewani, kikundi hakikuuza hata lita moja kwa sababu yake. Ada ya mwaka ilipofika, hakuna aliyekumbuka kuilipa, na tovuti ikapotea. Fedha ile ilitoka kwa wafadhili na kwa sadaka za washarika, nami sipendi kosa lile lirudiwe. Hivyo makala hii inaeleza kutangaza biashara kwa njia ya simu na intaneti ni kitu gani, kunamfaa nani katika nyanda zetu za juu, na kamati ipime kwa kipimo gani kabla ya kusema ndiyo.

KUTANGAZA KIDIJITALI NI NINI?

Wengi hudhani ni kuweka picha ya bidhaa kwenye mtandao, halafu kungoja. Kwa kweli ni kumshika mteja mkono kupitia simu yake kuanzia anapoiona bidhaa mpaka anapoagiza mara ya pili. Njia hiyo ina hatua tano:

1. Aone – ajue kwamba bidhaa ipo na inapatikana wapi.
2. Aulize – apate mtu wa kumjibu, kwa lugha anayoielewa, siku ile ile.
3. Alipe – kwa njia anayoiamini na yenye ushahidi.
4. Apokee – mzigo ufike mzima, kwa wakati ulioahidiwa.
5. Arudi – aridhike kiasi cha kuagiza tena na kumwambia jirani.

Tovuti yetu ilishughulikia hatua ya kwanza tu. Namba ya simu iliyoandikwa pale ilikuwa ya mjumbe ambaye kijijini kwake mtandao ulipatikana juu ya kilima. Aliyepiga hakumpata, na aliyempata hakuelezwa mzigo ungesafirishwaje. Mnyororo ukikatika pete moja hauvuti kitu, hata kama pete nyingine nne ni za dhahabu.

WATEJA WETU NI NANI?

Kasulu na Kibondo si mahali pageni kwa biashara na watu wa lugha nyingine. Tangu miaka ya 1990 wilaya zetu zimepokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani. Kambi ya Mtabila, iliyokuwa na Warundi, ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Mwaka 2015 machafuko yalipotokea tena Burundi, zaidi ya watu laki moja walivuka mpaka kabla mwaka haujaisha. Nduta ikafunguliwa upya mwaka huo, na Mtendeli ikafuata mwanzoni mwa mwaka 2016. Mtendeli nayo ilifungwa mwaka 2021.

Wafanyabiashara wetu walijifunza mengi katika masoko ya pamoja, ambako wenyeji walipeleka ndizi, mboga na dagaa. Lakini kuelekea mwaka 2020 masoko hayo yalifungwa, na waliokuwa na mteja wa aina moja tu walibaki na bidhaa mikononi. Wapo akina mama katika sharika zetu walioanza upya na mtaji wa beseni moja. Somo ni hili: kambi hufunguliwa na kambi hufungwa, na mashirika huja na kuondoka. Biashara inayomtegemea mteja mmoja inasimama kwa mguu mmoja.

Hivyo basi kila kikundi kijiulize kinamlenga nani. Kwa uzoefu wetu wapo wateja wa makundi manne, na kila kundi lina njia yake.

(a) Jirani wa mjini. Yeye anataka kujua leo kuna nini na bei gani. Mara nyingi ana simu ya kawaida, ile ya vitufe. Meseji fupi au kupigiwa simu kunamtosha.

(b) Mrundi na Mkongomani. Hapa Waha tumebarikiwa, kwa kuwa Kiha na Kirundi zinasikilizana bila mkalimani, na Wakongomani wengi wanajua Kiswahili ingawa cha kwao kina ladha yake. Hata hivyo biashara na walioko kambini inaongozwa na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 na maelekezo ya wilaya. Kikundi kiulize kwanza ofisi ya Mkuu wa Wilaya ni nini kinaruhusiwa, ndipo kitangaze. Mkimbizi asije akaingizwa matatani kwa sababu ya tangazo letu.

(c) Mgeni wa kikazi: mtumishi wa shirika, mkaguzi, fundi wa barabara au dereva. Huyu akishuka Kibondo saa moja usiku hamjui mtu, hivyo hufungua ramani ya simu yake kutafuta pa kulala na pa kula. Huhitaji pia risiti ya mashine ili arudishiwe gharama na ofisi yake. Mwenye nyumba ya wageni asiye na risiti amempoteza hata kama chumba chake ni kizuri.

(d) Mtoto wa nyumbani aliye mbali. Waha walitoka kwenda kulima mkonge Tanga tangu enzi za mkoloni, na leo wako Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko. Huyu hatafuti asali tu, bali anatafuta asali ya kwao. Anatamani maharage ya Kigoma, kahawa ya milimani na habari za nyumbani. Ndiye tunayemsahau kuliko wote, na nitamrudia.

FUNZO KUTOKA KWA WATEJA WA KIFILIPINO

Nilipokuwa nikitafuta mafundisho ya kuwapa vikundi, nilisoma jinsi biashara ndogo zinavyowahudumia wateja wa Ufilipino. Msomaji anaweza kuuliza, Ufilipino na Kasulu wapi na wapi? Lakini ile ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000, yenye lugha nyingi, maduka madogo ya mitaani na mamilioni ya watu wanaofanya kazi ughaibuni. Ni nchi iliyoizoea simu kwa meseji kwanza, intaneti ikafuata. Mwezi Januari 2001, meseji za simu zilisaidia kuukusanya umma jijini Manila hadi Rais Joseph Estrada akaondoka madarakani. Huduma ya fedha ya GCash ilianza kule mwaka 2004, wakati M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na hapa Tanzania mwaka 2008. Wametutangulia kidogo kwenye njia ile ile, hivyo tunaweza kuona walipojikwaa na walipofaulu. Nimeokota mambo matatu.

Jambo la kwanza ni kuuza kidogo kidogo. Duka dogo la mtaani kule huitwa sari-sari, na huuza kwa kile wanachokiita "tingi": sigara moja moja, shampuu ya pakiti, mafuta ya kupima. Ni kama genge letu. Hata muda wa maongezi walianza kuukatia wateja vipande vidogo sana kwa njia ya simu mwaka 2003, na wenye maduka hayo wakawa mawakala. Anayemtangazia mteja wa namna hii hamwambii "nunua katoni". Humtajia bei ya kipimo anachokimudu. Vikundi vyetu vingi hutangaza asali kwa dumu la lita 20, ilhali mteja wa mjini anataka nusu lita.

Jambo la pili ni neno moja la Kitagalogi, "suki". Mteja wa kudumu huitwa suki, na muuzaji anayemhudumia naye huitwa suki. Neno ni moja kwa pande zote mbili, kwa sababu uaminifu unatakiwa pande zote mbili. Mnunuzi harukirukii maduka mengine, na muuzaji humpa bei ya haki, humwekea bidhaa nzuri na humvumilia siku akipungukiwa. Mafilipino wengi hununua kwa kuandikiana na muuzaji kwenye Facebook na Messenger: huuliza, hutania, huomba apunguziwe, ndipo hununua. Muuzaji asiyejibu hana suki. Tangazo kwao ni mwanzo wa mazungumzo.

Jambo la tatu ndilo lililonigusa zaidi. Kwa familia nyingi za Kifilipino anayelipa na anayepokea si mtu mmoja. Baba au binti yuko Dubai au Saudia, na mama yuko kijijini. Biashara zenye akili humtangazia yule wa Dubai, humpokelea fedha, humkabidhi mama mchele au bati, kisha humtumia mlipaji picha ya mama akiwa na mzigo wake. Mlipaji anatulia moyo, kwa kuwa fedha yake haikupotelea njiani wala kuliwa na mjomba.

Sasa rudini Kasulu. Ni watoto wangapi wa Heru Juu walioko Dar es Salaam wanaotuma fedha za bati, saruji, mbolea au sare za shule, kisha wanasikia zimetumika kwa jambo jingine? Duka la vifaa vya ujenzi la Kasulu mjini lingeweza kupokea malipo ya mtoto kwa simu, kumkabidhi mzazi bati kumi, na kutuma picha ya makabidhiano pamoja na risiti. Halihitaji tovuti kufanya hivyo. Linahitaji simujanja moja, mtu mwaminifu, na orodha ya wana wa kijiji walioko mbali, ambayo nusu yake tayari imo katika makundi ya WhatsApp ya koo na ya watu waliosoma pamoja.

CHOMBO GANI KWA MTEJA GANI?

Hali ya vyombo imebadilika sana kwetu. Halotel ilipoanza huduma nchini mwaka 2015 ilipeleka minara hata vijijini, na mitandao mingine nayo imepanuka. Mwaka 2022 mkoa wetu uliunganishwa na gridi ya taifa, tukaanza kuagana na majenereta ya dizeli. Bado vipo vijiji ambako simu huchajiwa kwa jua, na kamati zisisahau hilo. Vyombo vinavyotufaa ni hivi:

Meseji na simu ya kawaida. Ni njia ya zamani lakini haijazeeka. Humfikia asiye na bando, na mama asiyesoma anaweza kupigiwa.

WhatsApp ya biashara. Ni programu ya bure iliyotolewa mwaka 2018. Inamwezesha muuzaji kuweka orodha ya bidhaa na bei, kuandika salamu ya kujibu mwenyewe anapokuwa shambani, na kupanga wateja kwa alama: aliyeuliza, aliyelipa, aliyetumiwa mzigo. Jihadharini na jambo moja. Ujumbe wa kutuma kwa wengi kwa pamoja humfikia tu yule aliyehifadhi namba yenu katika simu yake. Hivyo kila mnapouza, mwombeni mteja aihifadhi.

Facebook. Inafaa kuwapata wana wa nyumbani walioko mbali. Tangazo la kulipia linaweza kuelekezwa mji fulani na umri fulani, lakini kikundi kisilipie kabla hakijaweza kujibu maswali ya watu kumi kwa siku.

Ramani ya Google. Nyumba ya wageni, mgahawa, gereji na duka la dawa vinaweza kujiandikisha bure, kuweka saa za kufungua, namba ya simu na picha. Kwa mgeni wa kikazi hakuna tangazo linalozidi hili.

Redio. Najua si chombo cha kidijitali, lakini msiiache. Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 wakati wa wimbi la wakimbizi wa Rwanda, na ilitufundisha kwamba mgeni na mwenyeji wanaweza kusikiliza sauti moja. Namba ya WhatsApp ikitajwa redioni, vyombo viwili vinasaidiana.

LUGHA YA TANGAZO

Linganisheni matangazo mawili. La kwanza nimelikuta mara nyingi: "Asali bora kabisa! Tiba ya magonjwa yote! Bei poa! Piga sasa!" Halina bei, halina mahali, na lina uongo ndani yake. Anayeahidi tiba ya magonjwa yote anaweza kumfanya mgonjwa aache dawa, na kikundi cha kanisa hakiwezi kubeba lawama hiyo.

La pili liwe hivi: "Asali ya miombo kutoka Kibondo, imerinwa mwezi Juni na kikundi cha akina mama 22. Chupa ya nusu lita na ya lita moja, bei ziko kwenye picha. Tunatuma kwa basi Jumanne na Ijumaa. Ukilipa, jina litakalotokea kwenye simu yako ni la kikundi. Asali hii ikikaa kwenye baridi huganda. Iweke chupa kwenye maji ya vuguvugu itayeyuka." Sentensi ya mwisho ni muhimu. Wateja wengi wa mjini wakiona asali imeganda husema imetiwa sukari, hukasirika na kuwaambia wenzao. Asali safi huganda, na aliyeambiwa mapema hakasiriki.

Picha nazo ziwe za bidhaa yenyewe. Msichukue picha ya asali ya watu wengine mtandaoni kwa sababu chupa yao inang'aa. Mtu akipokea kisichofanana na picha, mmempoteza yeye na kijiji chake kizima.

HESABU KABLA YA FURAHA

Mteja wa mbali ana bei nzuri, lakini ana gharama zake. Chukueni mfano huu wa kufundishia, ambao si bei ya soko. Tuseme kijijini lita moja ya asali inauzwa shilingi 8,000, hivyo lita 20 ni shilingi 160,000, papo hapo bila usumbufu. Mteja wa Dar es Salaam anakubali shilingi 14,000 kwa lita, jumla shilingi 280,000. Kikundi kinashangilia. Sasa tutoe gharama:

– Chupa 20 kwa sh. 700: sh. 14,000
– Lebo 20 kwa sh. 300: sh. 6,000
– Katoni na gundi: sh. 5,000
– Nauli ya mzigo kwenye basi: sh. 15,000
– Ada za kupokea na kutoa fedha: sh. 6,000
– Bando na kupiga simu: sh. 4,000
– Chupa mbili zilizomwagika njiani, fedha ikarudishwa: sh. 28,000

Jumla ya gharama ni shilingi 78,000, na kinachobaki ni shilingi 202,000. Faida ya kumfuata mteja wa mbali ni shilingi 42,000 juu ya bei ya kijijini. Si haba. Lakini mteja akiomba apunguziwe hadi shilingi 12,000 kwa lita, mauzo yanakuwa shilingi 240,000, na kwa gharama zile zile (fedha ya kurudisha sasa ni shilingi 24,000) kinabaki shilingi 166,000. Kikundi kimehangaika wiki nzima kwa shilingi 6,000. Hivyo katibu afanye hesabu hii kwa kalamu kabla ya kujibu "sawa" kwenye simu. Pia oneni kwamba chupa mbili tu zilizomwagika zimekula kuliko nauli na lebo kwa pamoja. Mfuniko mzuri unaweza kuleta faida kubwa kuliko tangazo la kulipia.

LAINI NI MALI YA KIKUNDI

Nimeacha jambo lililotuumiza kuliko tovuti. Kikundi kimoja kilifanikiwa kweli kupata wateja kwa simu. Katibu wake alikuwa binti mwepesi wa kujibu, mwenye lugha nzuri, na wateja walimpenda. Namba ilikuwa yake, na simu ilikuwa yake. Alipoolewa na kuhamia mkoa mwingine aliondoka na laini, na wateja wote wakaondoka naye. Hakuiba kitu. Sisi ndio tuliojenga nyumba ya kikundi kwenye kiwanja cha mtu. Akina mama walibaki na mizinga, asali na chupa tupu, bila kujua hata jina la mteja mmoja.

Tangu siku hiyo tunavishauri vikundi vyote mambo haya:

– Namba ya biashara iwe ya kikundi. Usajili wa laini kwa alama za vidole hufuata mtu, hivyo kikundi kilichosajiliwa kiulize kampuni ya simu kuhusu usajili wa taasisi, na makubaliano yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao.
– Malipo yapokelewe kwa Lipa Namba yenye jina la kikundi, si simu ya mwenyekiti. Mteja akiona jina la kikundi anaamini, na mweka hazina ana taarifa ya kusoma kikaoni.
– Kuwe na daftari la wateja la karatasi: jina, namba, alichonunua, tarehe, malalamiko. Simu huibiwa na kuharibika, daftari hukaa kabatini.
– Watu wawili wajue kuitumia simu hiyo, na mmoja wao awe kijana.
– Msiamini meseji ya malipo peke yake. Matapeli hutunga meseji zinazofanana na za kampuni. Angalieni salio kwanza, ndipo mzigo upande basi.
– Namba na picha za wateja ni amana. Tangu Mei 2023 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Yule mama wa bati apigwe picha kwa hiari yake, itumwe kwa mwanawe tu, isibandikwe Facebook bila ruhusa.

Aidha, bidhaa ya chakula inayosafiri mbali ihitimu kwanza. SIDO watasaidia ushauri wa usindikaji na vifungashio, na TBS ndio wenye dhamana ya ubora wa chakula. Tangazo huvuta macho ya wateja na ya wakaguzi pia.

KIPIMO KWA KAMATI NA WAFADHILI

Hivyo basi, andiko la mradi wa kutangaza biashara likifika mezani, Kamati iulize maswali haya saba:

1. Mteja ni nani hasa, yuko wapi, anatumia simu ya aina gani na lugha gani?
2. Nani atamjibu siku ile ile, na akiugua nani atashika zamu?
3. Fedha itaingia kwenye namba ya nani?
4. Mzigo utasafiri vipi, na ukiharibika nani anabeba hasara?
5. Hesabu ya gharama imefanywa kwa kalamu?
6. Kikundi kina bidhaa ya kutosha kwa miezi mingapi? Maana kutangaza usichokuwa nacho ni kumfundisha mteja kwenda kwingine.
7. Mradi ukiisha, namba na daftari vitabaki kwa nani?

Andiko linalojibu maswali haya tutaliunga mkono hata likiomba simu moja, daftari na chupa mia mbili. Andiko lisiloyajibu tutalirudisha kwa upendo, hata kama limechapwa vizuri. Nawaomba pia wafadhili wetu wasitupime kwa picha za uzinduzi. Tuulizeni ni wateja wangapi walionunua mara ya pili. Hilo swali lingenizuia mimi kuidhinisha ile tovuti.

Kuhusu maandiko matatu niliyoyataja mwanzo, hakuna lililokataliwa. Wajumbe wa sharika hizo wamealikwa Kasulu kwa mafunzo ya siku mbili, kila kikundi kije na sampuli ya bidhaa, daftari jipya na watu wawili, mmoja wao kijana. Kabla ya kufika, kila kikundi kitafute wana wa kijiji kumi walioko mbali, kiwapigie simu na kuwauliza kitu gani cha nyumbani wangependa kununua, na kitu gani wangependa kumnunulia mama. Majibu yao yaandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari. Tutaanzia hapo.